Jinsi ya Kujenga Kazi ya Uprofesa katika Utafiti wa Mifumo ya Umeme Jadidifu

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, au mhadhiri aliye mwanzoni mwa kazi, anayetaka maisha yake ya kitaaluma yaelekee kwenye utafiti wa umeme wa jua, upepo na betri, na hasa namna vyanzo hivyo vinavyoungana na gridi. Njia hii ni ndefu. Tangu kuanza shahada ya kwanza hadi kufikia cheo cha profesa kamili, mara nyingi hupita miaka 20 hivi au zaidi, na katika muda huo vifaa unavyovifanyia kazi hubadilika mara kadhaa. Seli ya silikoni iliyotangazwa na Maabara za Bell mwaka 1954 iligeuza takribani asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, ilhali paneli nyingi zinazouzwa leo zimevuka asilimia 20. Mtafiti aliyejifunga kwenye kifaa kimoja huweza kufika katikati ya safari na kukuta kifaa chenyewe kimekwisha kuondoka sokoni. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao ningeomba uuzingatie kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba uchague swali la kuishi nalo, na vifaa uviache vipite.

Kutafuta swali

Kwa zaidi ya miaka mia moja gridi zimeshikiliwa na jenereta ambazo rota zake, zenye uzito wa tani nyingi, huzunguka kwa kuoana, zikitoa umeme wa frikwensi moja, yaani idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde, ya hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Uzito huo unaozunguka una inesha: kituo kimoja kikizimika ghafla, rota zilizobaki hutoa sehemu ya nishati ya mwendo wake, frikwensi hushuka taratibu, na vidhibiti vya mitambo hupata sekunde chache za kuitikia. Paneli ya jua haina kitu kinachozunguka. Mtambo wa kisasa wa upepo unazunguka, lakini mara nyingi umeunganishwa na gridi kupitia vigeuzi vya kielektroniki, hivyo inesha ya rota yake haiifikii gridi yenyewe bila kuamriwa na programu. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo limelisha watafiti wengi na bado halijaisha: jenereta nzito zikiondoka, ni nani atakayeshikilia frikwensi na voltaji?

Swali hilo moja linazaa mengine mengi. Inveta, yaani vigeuzi vinavyobadilisha mkondo mnyoofu wa paneli au betri kuwa mkondo geu wa gridi, nyingi kati ya zilizopo husoma kwanza wimbi la voltaji la gridi, kisha hulifuata. Wimbi likiyumba, nazo huyumba. Kuna aina nyingine, inveta zinazounda gridi, ambazo hutengeneza wimbi lake zenyewe, na utafiti wa namna ya kuzifanya nyingi zifanye kazi pamoja bila kusukumana ungali mbichi. Kuna pia suala la ulinzi. Jenereta ya kawaida huweza kusukuma mkondo wa shoti mara tano au zaidi ya mkondo wake wa kawaida, ilhali inveta hulazimika kujizuia mapema ili transista zake zisiungue, na kwa kawaida haivuki mara moja na nusu. Relei, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, zikiwa zimezoea kishindo cha mkondo mkubwa, huweza kuikosa shoti kama hiyo kabisa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamivu hana haja ya kwenda mbali zaidi ya aya hii.

Hata hivyo, usilichukue swali la mtu mwingine likiwa limekwisha kupikwa. Njia ninayoiamini ya kupata lako mwenyewe ni kusoma taarifa za ajali za gridi, ambazo waendeshaji wa mifumo ya umeme huzichapisha kwa urefu na kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Anza na ya Australia Kusini ya tarehe 28 Septemba 2016. Dhoruba iliangusha minara ya njia za kusafirisha umeme, voltaji ikaporomoka mara kadhaa ndani ya takribani dakika mbili, na baadhi ya mashamba ya upepo yakapunguza uzalishaji kwa ghafla, jumla ya megawati 456, kwa sababu vidhibiti vyake vilikuwa na mpangilio uliowekea kikomo idadi ya miporomoko ambayo mtambo ungeivumilia kwa muda mfupi. Waendeshaji wa gridi hawakuwa na habari za mpangilio huo. Njia ya kuunganisha jimbo hilo na jirani yake ikazidiwa na kujitoa, na jimbo likaingia gizani. Kisha soma ya Uingereza ya tarehe 9 Agosti 2019, ambapo radi ilipiga njia ya umeme, shamba la upepo la baharini la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vikapoteza uzalishaji karibu kwa wakati mmoja, frikwensi ikashuka hadi hezi 48.8, na wateja wapatao milioni moja wakakatiwa umeme ili gridi iliyobaki isianguke.

Ukizisoma, chora mstari wa matukio kwa sekunde, kisha jiulize kama modeli unayofundishwa darasani ingeweza kutabiri kila hatua. Pale modeli inaposhindwa ndipo pa kuchimba. Swali ulilolipata lipime kwa kuliandika katika sentensi moja isiyotaja jina la kifaa wala la algoriti. Likikataa kuandikika hivyo, bado hujalielewa. Mwulize pia mhandisi anayeendesha gridi angebadilisha nini kazini kwake kama angepewa jibu. Akikosa la kusema, endelea kutafuta.

Msingi usioweza kurukwa

Hisabati ya fani hii ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaonyesha jinsi wazo zuri linavyodumu kuliko mashine lililotungiwa. Mwaka 1893 Charles Steinmetz alionyesha jinsi namba changamano zinavyorahisisha hesabu za mkondo geu. Mwaka 1918 Charles Fortescue alitoa njia ya kuchambua mfumo wa fezi tatu usio na uwiano, na mwaka 1929 Robert Park akatoa mlinganyo wa kuitazama mashine kana kwamba mtazamaji anazunguka pamoja na rota. Edith Clarke, aliyeanza kazi akiwafanyia wahandisi mahesabu kwa mkono na ambaye mwaka 1947 alikwenda kufundisha uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Texas, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye ugeuzaji unaobadilisha vipimo vya fezi tatu kuwa viwili. Wote hao walikuwa wakishughulikia jenereta, mota na njia ndefu za umeme. Leo ugeuzaji wa Clarke na wa Park umo ndani ya programu ya inveta ya jua, ukihesabiwa maelfu ya mara kwa sekunde, katika chombo kisicho na rota hata moja.

Kwa hiyo jifunze aljebra ya matriki, milinganyo tofautishi, nadharia ya udhibiti na takwimu kwa kiwango ambacho hutahitaji kuomba radhi mbele ya mtu. Fanya hesabu ya mtiririko wa nguvu kwa mkono, kwa gridi ya nodi tatu, yaani makutano matatu ya njia za umeme, hadi majibu yakubaliane. Kisha andika mwenyewe programu ya njia ya Newton-Raphson, inayolikaribia jibu hatua kwa hatua, ile ambayo wahandisi Tinney na Hart waliieleza kwa matumizi ya gridi mwaka 1967, na uijaribu kwenye mfumo wa majaribio wa IEEE (taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki) wenye nodi 14 kabla ya kwenda kwenye ule wa nodi 118. Baada ya hapo tumia programu huria kama MATPOWER au PyPSA kwa moyo mweupe. Nimewasimamia wanafunzi waliozijua programu hizo kwa ustadi mkubwa lakini hawakuweza kueleza kwa nini hesabu ilikataa kufikia jibu, na kila mmoja wao alilazimika kurudi kwenye nodi tatu akiwa mwaka wa pili wa uzamivu, wakati muda ulikuwa umekwisha kuwa mchache.

Fizikia ya vyanzo vyenyewe nayo isikuchenge. Nguvu iliyo ndani ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nane, na kosa dogo katika utabiri wa upepo huwa kosa kubwa katika utabiri wa umeme. Kikomo cha Betz kinasema hakuna mtambo wa upepo utakaonasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo. Paneli ya jua hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, lakini chini ya jua kali hupanda mbali juu ya hapo, na voltaji yake hushuka kadiri joto linavyopanda. Mtafiti wa gridi asiyejua mambo haya atatengeneza kidhibiti kizuri cha chanzo kisichokuwapo.

Kumchagua msimamizi wa uzamivu

Usimchague kwa jina. Omba kuzungumza na watu watatu waliohitimu chini yake, na mmoja aliyeacha kama yupo, kisha uwaulize walikutana naye mara ngapi kwa mwezi, ilimchukua muda gani kurudisha rasimu ya sura, na kama maabara yake ina inveta zinazofanya kazi au kabati la vifaa vilivyozeeka. Uliza pia kuhusu data. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima wa uzamivu nikisubiri data za vipimo kutoka kwa kampuni moja ya umeme iliyokuwa imetuahidi kwa mdomo; meneja aliyeahidi alihamishwa, na aliyemrithi hakuona sababu ya kutimiza. Tangu siku hiyo sikubali mwanafunzi aandike pendekezo la utafiti linalotegemea data za mtu mwingine mpaka makubaliano yawe yametiwa saini na faili la mfano liwe limefika mkononi.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye nyaya

Hapa ndipo watafiti wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uigaji wa kompyuta ni wa lazima, maana hakuna anayeruhusiwa kuangusha gridi ya kweli ili aone nini kitatokea. Lakini uigaji hukubali kila unachouambia. Kidhibiti changu cha kwanza kilikuwa shwari kabisa kwenye kompyuta. Nilipokiweka kwenye inveta ndogo ya maabara, mkondo ulianza kutetemeka kwa sauti iliyosikika chumba kizima, hadi fyuzi zikaungua. Sababu ilikuwa muda. Kidhibiti kilichukua sampuli 10,000 kwa sekunde, yaani sampuli moja kila mikrosekunde 100, na katika vidhibiti vya kidijitali ucheleweshaji wa jumla, kuanzia kupima hadi transista kuitikia, kwa kawaida hufikia sampuli moja na nusu. Mikrosekunde 150 ni kidogo sana kwa mwanadamu, lakini kwa mtetemo wa hezi 1,000, ambao ndio uliokuwa ukitokea kwenye kichujio cha inveta ile, ni kuchelewa kwa nyuzi 54 za wimbi. Kidhibiti kilikuwa kikisukuma mahali kilipopaswa kuzuia. Katika uigaji wangu ucheleweshaji huo sikuuweka, kwa hiyo haukuwepo.

Fuata basi hatua hizi kwa mpangilio, bila kuruka hata moja kwa sababu ya haraka ya kuchapisha. Iga kwanza kwa modeli nyepesi ili uelewe kinachotawala tabia ya mfumo. Iga tena kwa modeli kamili, ukiingiza ucheleweshaji, kelele za sensa, kikomo cha mkondo na makosa ya vipimo. Kisha chukua kidhibiti halisi, kama kitakavyokuwa kazini, ukiunganishe na kompyuta inayoiga gridi kwa wakati halisi, ili programu ipambane na shoti na miporomoko ya voltaji bila hatari. Halafu ndipo uende kwenye inveta ya kilowati chache, na mwisho kwenye mtambo ulioko nje.

Katika maabara usalama ni sehemu ya utafiti wenyewe. Kapasita za upande wa mkondo mnyoofu hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na chaji hiyo inatosha kuua. Pima kila mara kabla ya kugusa, na mtu asifanye kazi peke yake kwenye voltaji ya juu hata kama anaijua sakiti kama nyumba yake. Ukitoka nje ya maabara, utakutana na maadui wengine: vumbi, unyevu, panya wanaotafuna nyaya, na saa zisizokubaliana. Vipimo vya sehemu mbalimbali za gridi huoanishwa kwa saa za setilaiti kwa sababu nzuri sana. Kwenye gridi ya hezi 50, kosa la milisekunde moja ni nyuzi 18 za pembe, na pembe ya ukubwa huo inatosha kukufanya uamini kwamba nguvu inatiririka kuelekea upande ambao haielekei. Kabla ya kuanza kuchambua data za mwaka mzima, tumia wiki mbili kuzichunguza kama ni za kweli.

Kuandika na kupata fedha

Makala nzuri ya fani hii hueleza swali, modeli, majaribio na mipaka ya matokeo kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kurudia kazi hiyo bila kukupigia simu. Toa programu na data pamoja na makala kila inapowezekana. Chagua majarida ambayo wewe mwenyewe huyasoma, kama yale ya IEEE yanayohusu mifumo ya nguvu na nishati endelevu, na uyakimbie yale yanayokuandikia barua za sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Makala ikikataliwa, iache siku tatu, kisha soma maoni ya wapitiaji ukiwa umetulia; mpitiaji ambaye hakukuelewa amekuonyesha mahali ambapo wasomaji wengine pia hawatakuelewa.

Katika maombi ya ruzuku, kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kununua vifaa bila kuvitengea fedha za matengenezo wala mshahara wa fundi. Fundi mwenye uzoefu ana thamani kubwa kwa maabara kuliko kifaa chochote kilichomo. Fedha zinapotoka kwa kampuni, mkataba ueleze waziwazi kwamba tasnifu ya mwanafunzi itachapishwa na ndani ya muda gani, kwa sababu mwanafunzi aliyefungiwa matokeo yake ndiye anayelipa gharama ya mkataba mbovu.

Kuwalea wanafunzi

Kuanzia siku unapopata mwanafunzi wako wa kwanza wa uzamivu, kazi yako imebadilika, na ni vyema ukubali hivyo mapema. Mwezi wa kwanza mpe makala moja iliyochapishwa na umtake arudie matokeo yake yote, mchoro kwa mchoro. Atagundua namba ambazo hazikuandikwa, dhana zilizofichwa, na pengine kosa. Atakuwa amejifunza kusoma. Kutana naye kila wiki kwa saa iliyopangwa, hata wiki ambayo hana jipya la kusema, kwa sababu hizo ndizo wiki anazokuhitaji zaidi. Usiweke jina lako kwenye kazi ambayo hukuichangia. Akikuletea matokeo yanayopinga uliyoyachapisha wewe, mpe muda wa maabara wa kutosha ayathibitishe, na yakithibitika yachapisheni pamoja.

Ufundishaji wa shahada ya kwanza usiuone kama kodi inayolipwa ili upate kufanya utafiti. Kueleza mlinganyo wa mwendo wa rota kwa darasa la watu mia moja wanaousikia kwa mara ya kwanza kumenionyesha mapengo katika uelewa wangu ambayo hakuna mpitiaji wa jarida aliyewahi kuyagusa.

Kuingia kwenye kamati za viwango

Wengi huidharau kazi hii kwa kuwa haihesabiwi sana wakati wa kupandishwa cheo, nami nasikitika kila nikiona hivyo, maana ni mahali ambapo utafiti hugeuka kuwa vifaa vilivyofungwa ukutani. Kiwango cha IEEE 1547 kilipotolewa mwaka 2003 kiliitaka mitambo midogo iliyounganishwa kwenye gridi ijitoe haraka gridi inapoyumba. Mitambo hiyo ilikuwa michache, na kuondoka kwake hakukumwumiza mtu. Ilipokuwa mingi, kuondoka kwa pamoja kukawa hatari kuliko hitilafu yenyewe, na toleo la 2018 likaitaka ivumilie misukosuko na kubaki. Ujerumani ilijifunza jambo hilo mapema zaidi: inveta nyingi za jua zilikuwa zimepangwa kujizima zote frikwensi ikifika hezi 50.2, na mwaka 2012 ikabidi itolewe kanuni ya kurekebisha mamia ya maelfu ya mitambo iliyokwisha kufungwa. Mstari mmoja wa kanuni, ulioandikwa kwa nia njema na watu waliodhani sola itabaki kuwa kitu kidogo, uligharimu miaka ya kazi ya kurekebisha. Ukiwa mhadhiri mwandamizi, omba kuhudhuria kamati kama hizo, soma rasimu zote, na upeleke michoro ya majaribio yako pale mjadala unapohitaji ushahidi.

Vyeo vyenyewe, kutoka mhadhiri hadi profesa mshiriki na profesa, vina masharti yanayotofautiana kati ya chuo na chuo. Yasome mwaka wa kwanza wa ajira, weka faili moja la kila makala, kila mwanafunzi aliyehitimu na kila ruzuku, kisha usiyafikirie tena mpaka siku ya kuomba.

Miaka mitano kabla ya kustaafu, anza kukabidhi. Andika maelezo ya kila benchi la majaribio: michoro ya sakiti, toleo la programu, mahali ilipo namba ya siri ya kompyuta ya kipimo, na sababu ya kila mpangilio ulio ndani ya kidhibiti. Weka data zote zilizopimwa nje ya maabara katika hifadhi ya wazi, katika muundo unaosomeka bila programu ya kulipia. Kisha mkabidhi mhadhiri kijana funguo za maabara, mwache aendeshe jaribio moja kamili wewe ukiwa umekaa pembeni, na kila mahali atakaposimama kukuuliza, ongeza ukurasa kwenye maelezo yale.